Kwilti tatu zilizolala kabatini: ipi ianze, na je, zifuliwe kwanza?

Swali: *"Nina kwilti tatu (yaani blanketi zenye uso wa viraka, pamba katikati na kitambaa cha mgongo) ambazo sijazimaliza, na ya zamani zaidi ina miaka tisa. Ya kwanza, uso wake nimeshaushona wote pamoja na kanda za pembeni, lakini nikiutandaza kanda zinapepea kama shela na mikunjo haitoki. Ya pili ilitakiwa iwe na miraba 30 ya nyota. Nimeshona 20, kitambaa kikaisha, na hiyo 20 yenyewe haitoshani: mdogo una sentimita 30.5 na mkubwa 32. Ya tatu nimeshapanga uso, pamba na mgongo, nikabana kwa pini za kufunga na kuchora mistari kwa kalamu ya bluu ya kufutika kwa maji. Hiyo ina miaka saba, na juzi nimeona pini zinaota kutu. Nianze na ipi? Nizifue kwanza? Cherehani yangu ya kawaida ya nyumbani itaweza? Najiona mvivu kupindukia."*

Jibu:

Uvivu tuuweke kando, maana maelezo yako mwenyewe yanaukanusha. Kila moja ya kwilti hizi imekwama mahali pake: ya kwanza kwenye kanda zinazopepea, ya pili kwenye vipimo na upungufu wa kitambaa, ya tatu kwenye hofu ya kuingiza furushi zito chini ya sindano. Hayo ni matatizo ya ufundi, na kila moja lina dawa yake. Kilichokuchosha ni kwamba kila ukifungua kabati unakutana na yote matatu kwa mpigo.

Leo hii, kabla hujapanga lolote, toa pini kwenye ile ya tatu. Mbili za kwanza zinaweza kungoja hata mwaka mwingine bila kuharibika sana, ila kutu haingoji. Chuma kikishaanza kuoza ndani ya pamba, doa linapanuka, na hata baada ya pini kutolewa, chembe za chuma zilizobaki huendelea kudhoofisha nyuzi mpaka siku moja unaona tundu dogo lenye kingo za kahawia. Pini inayotoka kwa urahisi, toa. Iliyong'ang'ania usiivute, kwa sababu sehemu yenye kutu ni kama msasa na itachana kitambaa njia nzima. Izungushe taratibu mbele na nyuma. Ikigoma, ikate kwa koleo pande zote mbili karibu na kitambaa, kisha sukuma kile kipande kifupi kilichobaki.

Madoa ya kutu usiyamwagie dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Wengi hukimbilia hiyo, na matokeo yake doa hukaza zaidi. Kinachoyeyusha kutu ni asidi: maji ya limau, au dawa maalumu ya kutoa kutu kwenye nguo. Jaribu kwanza kwenye ukingo utakaokatwa, maana asidi inaweza kupausha rangi. Iache dakika chache tu kisha suuza kwa maji mengi, na usiianike juani ikiwa bado ina limau. Doa dogo kama kichwa cha kiberiti mimi ningeliacha, au ningepitisha mshono juu yake. Likiwa kubwa, shonea kiraka juu yake, chenye umbo lililokwisha kutumika kwenye kwilti hiyohiyo, na uongeze viwili vingine mahali pengine ili kisionekane kimekuja kuficha aibu.

Sasa suala la kufua. Hapana, usifue uso ambao haujashonwa na matabaka yake. Kwa nyuma kuna mamia ya kingo zilizo wazi, na kila ukingo una milimita 6 tu za nafasi ya mshono. Mashine ya kufulia ikizigonga, nyuzi zinachomoka, zinajisokota, na nafasi ya mshono inabaki milimita 3 ambazo hazishiki kitu. Kufua ni hatua ya mwisho kabisa, kwilti ikishafungwa kingo zote.

Lakini jaribio la rangi lifanyike sasa. Chukua kitambaa cheupe, kilowe maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji, kisha kikandamize kwa nusu dakika juu ya kila kitambaa cheusi, chekundu na bluu iliyokoza. Kikitoka na rangi, umeshajua nani atachuja. Wengine watakuambia uloweke kwenye siki au chumvi ili "kukaza rangi". Kwa vitambaa vya dukani vilivyokwisha kutiwa rangi kiwandani, hilo halisaidii. Rangi inayochuja ni ile iliyozidi, ambayo haikushikana na uzi tangu mwanzo, na siki haiigeuzi kuwa rangi iliyoshika. Kinachosaidia ni kuiondoa: kufua kwa maji mengi yenye sabuni ya kutosha ili rangi ielee majini badala ya kutua kwenye kitambaa cheupe kilicho jirani. Ikichuja, rudia palepale kabla haijakauka.

Turudi kwenye ya tatu, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na mwisho. Tenganisha matabaka matatu na uikague pamba ya kati. Ivute kidogo kwa vidole: ikiachana kama pamba ya kusafishia vidonda, au ikiwa na madoa ya kutu kila mahali, nunua nyingine. Kama ni nzima, itandaze kitandani usiku mmoja ilegeze mikunjo. Soma karatasi yake kama bado unayo, kwa sababu kila pamba ina umbali wake wa juu kati ya mshono na mshono. Pamba zilizopigwa sindano kiwandani na kuwekewa wavu mwembamba huvumilia hadi sentimita 20 au 25. Pamba huru isiyo na kishikizo huhitaji mishono iliyo karibu zaidi, la sivyo inajikusanya madonge baada ya kufuliwa mara chache. Huna karatasi? Shona kila baada ya sentimita 8 hadi 10 na utakuwa salama kwa nyingi zinazouzwa.

Ile kalamu ya bluu ina masharti mawili ambayo wengi hawaambiwi. Kwanza, joto huifanya igande, kwa hiyo pasi isikaribie mistari hiyo hata kidogo. Pili, baadhi ya sabuni huibadilisha kuwa kahawia isiyotoka. Lowanisha mstari mmoja pembeni kwa maji baridi matupu. Ukifutika, vizuri, lakini usishangae ukiuona tena baada ya kukauka: wino ulizama kwenye pamba na umepanda na maji. Ndiyo maana mwishoni kwilti nzima inatakiwa kuzamishwa kwenye maji baridi yasiyo na sabuni, na sabuni ifuate baadaye. Kama baada ya miaka saba mstari haufutiki kabisa kwenye jaribio, panga mishono yako ipite juu ya mistari yenyewe, kwa uzi wa rangi inayokaribiana nayo. Ni bora ujue hilo sasa kuliko baada ya wiki tatu za kushona.

Kupanga upya matabaka: mgongo uzidi uso kwa angalau sentimita 5 kila upande. Utandaze sakafuni, upande mzuri chini, uubandike kwa utepe wa karatasi kila baada ya sentimita 30. Uwe umenyooka bila kuvutwa. Hapa ndipo makunyanzi ya mgongoni yanapozaliwa: ukiuvuta mpaka unalia kama ngozi ya ngoma, ukibandua utepe unarudi ulivyokuwa, wakati uso uliokaa juu yake haurudi. Pamba juu, kisha uso, ukilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Bana kila baada ya upana wa kiganja, takriban sentimita 10, ukianzia katikati. Tumia pini mpya zisizoshika kutu. Kama unahisi itachukua zaidi ya miezi miwili, achana na pini: piga bandi kwa sindano ya mkono na uzi mweupe wa pamba, mishono ya sentimita 4 au 5, safu kwa safu. Bandi haioti kutu na haigongi mguu wa cherehani.

Je, cherehani ya nyumbani inatosha? Inatosha, kwa mistari iliyonyooka hasa. Tatizo lake ni moja: meno ya chini husukuma tabaka la chini, huku mguu wa juu ukilizuia la juu, kwa hiyo uso unabaki nyuma na kukunjika kila mshono unapofika kwenye mshono mwingine. Dawa ni mguu wa cherehani wenye meno yake ya juu, unaotembea sambamba na yale ya chini. Nunua unaolingana na urefu wa nguzo ya mguu wa cherehani yako. Kuna nguzo fupi na ndefu, na haziingiliani. Weka sindano mpya namba 90/14, urefu wa mshono milimita 3, na ulegeze kidogo shinikizo la mguu kama cherehani yako ina kirekebishi. Shona kwanza kwenye kipande cha majaribio chenye pamba na kitambaa kilekile. Ukiona uzi wa chini unatokeza juu kama vidoti, punguza mkazo wa uzi wa juu nusu namba, ujaribu tena.

Mstari wa kwanza upite katikati kabisa ya kwilti kutoka juu hadi chini, wa pili uukate kwa upana, kisha jaza robo moja baada ya nyingine. Kunja upande wa kulia kama mkeka ili upite chini ya mkono wa cherehani. Na huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote: uzito wa kwilti usining'inie. Sogeza meza ukutani, weka meza nyingine au ubao wa kupigia pasi kushotoni kwako kwa kimo kilekile. Kwilti inayoning'inia huvuta sindano, mishono inakuwa mirefu na mifupi ovyo, sindano inakatika, na fundi analaumu cherehani.

Njia ya pili, ambayo siioni kuwa ya chini hata kidogo, ni kufunga mafundo: uzi mnene wa pamba, sindano ndefu, fundo mraba kila baada ya sentimita 10. Kwilti nzima inaweza kuisha mwisho wa wiki moja. Haitadumu kama iliyoshonwa mistari ikifuliwa kila wiki, na pamba yake lazima iwe ile isiyojitenga, lakini kwa ya kujifunika sebuleni inatosha kabisa.

Ya pili, yenye nyota, imekutisha kwa sababu bado unahesabu 30. Hebu tuangalie tofauti ilitoka wapi. Nafasi ya mshono ikizidi milimita 1 tu, kila mshono unakula milimita 2, moja kila upande. Mraba wenye mishono 7 kutoka ukingo hadi ukingo unapoteza milimita 14, yaani karibu ile sentimita moja na nusu uliyoipima. Hukukosea sana, ulikosea kidogo mara nyingi, pengine kwa sababu uliishona miraba hiyo kwa misimu tofauti na mguu tofauti wa cherehani.

Usiikate yote ifike sentimita 30.5. Kwenye mikubwa utakuwa unakata ncha za nyota, na nyota isiyo na ncha inaonekana toka mlangoni. Ipe kila mraba fremu. Kata kanda za sentimita 4.5, shona mbili kwenye pande mbili zinazotazamana, piga pasi, kisha mbili nyingine juu na chini. Mraba wa sentimita 30.5 utafika 37.1, na ule wa 32 utafika 38.6. Sasa ikate yote iwe 36.2 kamili, nyota ikiwa katikati. Ikishashonwa itabaki sentimita 35. Fremu ya mraba mdogo itaonekana na upana wa milimita 28 hivi na ya mkubwa 21. Tofauti hiyo ya milimita 7 jicho haliifuatilii, hasa ukitumia rangi mbili za fremu kwa kupokezana.

Na hesabu inakupa zawadi. Miraba 20 ya sentimita 35, minne kwa mitano, ni sentimita 140 kwa 175. Ongeza kanda za pembeni zenye upana wa sentimita 15 baada ya kushonwa, unapata 170 kwa 205. Ile miraba 30 uliyoipanga, mitano kwa sita, ingekupa 150 kwa 180 tu! Kwa hiyo hudaiwi nyota nyingine hata moja. Kwa fremu utahitaji mita 1.5 ya kitambaa chenye upana wa sentimita 110, ukigawanya rangi mbili ununue sentimita 75 za kila moja. Usihangaike kutafuta kile kitambaa cha zamani. Hata ukikipata, jora jingine hutofautiana rangi, na vipande vyako vya zamani huenda vimepauka. Chagua kitambaa kinachotofautiana waziwazi, kwa sababu kinachokaribia kufanana ndicho kinachoonekana kimekosewa.

Ya kwanza ni ya kufumua, na najua hilo si neno tamu. Kanda zako zinapepea kwa sababu, kama nadhani sawasawa, ulishona ukanda mrefu ukingoni kisha ukakata uliozidi mwishoni. Meno ya cherehani hula tabaka la chini haraka kuliko la juu, kitambaa kinanyooka kadiri kinavyoshonwa, na ukanda unaishia na sentimita mbili au tatu za ziada ambazo hazina pa kwenda ila kupepea. Usitarajie mshono wa matabaka "utazimeza". Zitageuka mikunjo iliyoshonewa moja kwa moja.

Kata kila mshono wa nne upande mmoja kwa kifaa cha kufumulia, kisha geuza na uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima bila kuchana. Tandaza uso sakafuni na upime urefu wake mara tatu: katikati, na karibu na kila ukingo. Chukua wastani. Kata kanda mbili za urefu huo hasa, zikifuata nyuzi za mtande, yaani sambamba na ukingo mgumu wa jora, kwa kuwa upande huo haunyooki kama upande wa mshindio. Weka alama nusu na robo kwenye ukanda na kwenye uso, zibane alama kwa alama, kisha shona ule upande ulio mrefu kidogo ukiwa chini. Yale meno yaliyokuharibia sasa yatakufanyia kazi ya kuukusanya. Rudia kwa juu na chini, ukipima upya pamoja na kanda mpya.

Mikunjo ya miaka tisa nyunyizia maji, iache dakika kumi, kisha weka pasi ya mvuke na uinue, uweke na uinue. Ukiiburuta utavuta viraka vilivyokatwa mshazari. Mwinuliko mdogo utakaobaki utaondoka kwenye ufuaji wa mwisho. Ila kama kwenye mstari wa mkunjo unaona kitambaa kimepauka au kinapasuka, nyuzi zimekatika. Hapo hakuna pasi itakayosaidia, badilisha kiraka. Na kinachosubiri zamu yake kizungushie kwenye bomba la karatasi lililofunikwa shuka safi, bila stachi. Stachi ni chakula cha wadudu wa kabatini.

Kufunga kingo ni kazi ya jioni mbili. Kwa ile ya 170 kwa 205 mzingo ni sentimita 750. Ongeza 30 za kona na maungio. Kanda 8 za upana wa sentimita 6 zinatosha, ziunganishwe kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja. Ukanda huo mrefu ukunje katikati kwa urefu, piga pasi, shona upande wa mbele, kisha geuza na umalizie nyuma kwa mkono. Kona ndiyo inayowashinda wengi: simama milimita 6 kabla ya ukingo, kata uzi, kunja ukanda kwenda juu ufanye pembe ya nyuzi 45, ushushe ukae sawa na ukingo wa juu, uanze kushona tena tokea ukingoni. Ukisahau kusimama mapema, kona haitageuka kamwe, hata ukiivuta namna gani.

Mwisho, kuna mambo ya kupeleka kwa mtu ana kwa ana. Cherehani ikiruka mishono hata baada ya sindano mpya na kusafishwa vumbi chini ya bamba, mpelekee fundi wa cherehani. Mara nyingi ni muda wa ndoano inayokamata uzi chini ya sindano umehama, na hilo halirekebishwi kwa kugeuza vitufe. Kama uso mkubwa unakushinda kabisa, wapo mafundi wenye mashine za mkono mrefu wanaoshona matabaka kwa malipo. Waulize kabla: wengi hutaka mgongo uzidi kwa sentimita 10 kila upande na matabaka yaje yametenganishwa. Ukikuta ndani ya kwilti kitambaa cha urithi kinachovunjika kama majani makavu, usikiguse kwa maji wala pasi mpaka mtaalamu wa kuhifadhi vitambaa vya kale akione. Harufu ya ukungu yenye madoa meusi, ipeleke nje kwanza, vaa barakoa, ikauke kabisa kisha uipige brashi. Kama una pumu, mwachie mtu mwingine kazi hiyo. Na vidole vikifa ganzi usiku baada ya kushona kwa mkono, pumzisha mkono na umwone daktari. Usibadilishe sindano ukitumaini itapita.